Babu Mmoja, Tahajia Sita: Vidokezo vya Kusaka Ukoo Bungoma na Kitale

Spika wa Bunge la Taifa ni Moses Wetang'ula. Mdogo wake, mbunge wa Westlands tangu 2013, wapiga kura wanamjua kama Tim Wanyonyi. Baba ni mmoja. Mtu anayesaka ukoo kwa kufuata jina la mwisho tu angewaweka hawa wawili katika maboma mawili tofauti, afunge daftari, aende zake kunywa chai akiwa ameridhika. Na hapo hatujagusa ile alama ndogo kwenye Wetang'ula, ambayo magazeti huiweka leo na kuisahau kesho.

Miongozo mingi ya kusaka nasaba imeandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani. Babu zao walipofika Virginia na Massachusetts katika karne ya 17, karani wa mahakama aliandika alichosikia, hivyo familia moja ikajikuta na jina lenye sura tano. Lakini jina lilikuwa lile lile, likirithiwa na mwana na mjukuu. Kwetu magharibi mwa Kenya kazi ni maradufu, kwa sababu herufi zinabadilika na jina lenyewe linabadilika kila kizazi. Usikate tamaa. Inawezekana, na ina raha yake.

1. Anza na kukhu, si na ofisi

Kabla ya kupanda matatu kwenda Kakamega au Nairobi, keti na kukhu (bibi), senge (shangazi), khocha (mjomba), yeyote aliyebaki katika kizazi cha juu. Kila mzee muulize majina yote aliyokuwa nayo baba yake: la kuzaliwa, la marehemu aliyerithiwa, la ubatizo na la utani. La utani usilidharau. Kuna wanaume waliojulikana sokoni Chwele kwa jina la utani miaka arobaini, na likaishia kwenye kitambulisho.

Rekodi sauti kwa simu. Mwambie alitamke jina taratibu, kisha kwa haraka kama anavyoita mtu shambani. Usimwandikie wewe halafu umuulize kama ni sawa. Atakubali tu kwa adabu.

Ukibahatika, utapewa jina kamili la kizamani. Kiongozi wa Dini ya Msambwa, ambaye faili za serikali zinamtaja kama Elijah Masinde tu, kwa Wabukusu ni Elijah Masinde wa Nameme okhwa Mwasame. Hapo una majina ya waliomtangulia katika pumzi moja. Karani alikata mkia, na ndani ya mkia ndimo ukoo ulimokuwa.

2. Ukoo ndio nanga

Herufi zinadanganya, ila ni nadra Mbukusu kukosea ukoo wake, maana bila kuujua huwezi kuoa. Mtu ni wa Bakhone, Baengele, Babichachi au koo nyingine nyingi, na anajua pia ukoo wa mama yake, kwani hata huko hatakiwi kuchumbia. Kwa hiyo kila jina unaloandika daftarini, andika ukoo pembeni yake. Ukikuta Khaemba wawili kijiji kimoja, mwaka mmoja, ukoo ndio utakaokuamulia. Ukikuta Khaemba na Kaemba wenye ukoo mmoja, mke mmoja na kijiji kimoja, huyo ni mtu mmoja aliyepita kwa makarani wawili.

Wala usitegemee mwana abebe jina la baba. Maurice Michael Otunga, aliyefanywa kardinali mwaka 1973 na kuwa wa kwanza kutoka Kenya, alikuwa mwana wa chifu Sudi Namachanja. Tafuta "Otunga" kwenye orodha za machifu wa zamani, hutampata baba yake.

3. Mjue karani

Kila tahajia ina mwandishi wake, na mwandishi ana lugha yake. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, eneo hili lote lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, likitawaliwa kutoka Mumias, na waliokuwa karibu na serikali walikuwa Wawanga na Waganda. Mwaka huo huo wa 1902 Wamarekani wa kanisa la Friends, yaani Quaker, walifungua misheni Kaimosi, wakafanya kazi yao kwa Kilogooli. Kanisa lao lilipoenea hadi Bungoma, Wabukusu walisomeshwa kwa vitabu vya Kilogooli, na majina yao yakaandikwa na watu waliozoea v na g mahali ambapo Mbukusu ana b na k. Mapadri wa Mill Hill walioanza Mumias mwaka 1904 walikuwa na mtindo wao. Kule Kitale, setla aliyeandika orodha ya wafanyakazi wake hakuwa na mtindo wowote.

Ukitaka kuona tofauti hii kwa macho, fungua kazi ya Günter Wagner, mwanaanthropolojia wa Kijerumani aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1930. Kabila analoliita "Vugusu" ni Wabukusu hao hao. Kwenye faili za wakoloni utawakuta wakiitwa "Kitosh", jina walilopachikwa na majirani. Mtu mmoja basi anaweza kuwa Mkitosh kwa DC, Mvugusu kwa msomi, na Mbukusu nyumbani kwake.

4. Jifunze herufi zinazobadilishana viti

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu makarani hawakukosea ovyo ovyo. Walikosea kwa mpangilio, na mpangilio unafundishika.

Ya kwanza ni kh. Sauti hii ya kooni ilimshinda Mzungu na ikawashinda pia makarani wengi wa kutoka mikoa mingine, kwa hiyo ikawa k tupu, mara nyingine h. Ukitafuta Khisa, tafuta pia Kisa na Hisa. Mukhwana, jaribu Mukwana. Makokha, jaribu Makoka na Makoha. Nakhumicha, jaribu Nakumicha.

Ya pili ni b. Katikati ya irabu, Mbukusu hafungi midomo sawasawa anapoitamka, hivyo sikio geni lilisikia v au w. Jina lolote lenye b kati ya irabu mbili, liandike mara tatu kwenye daftari lako: kwa b, kwa v na kwa w.

Ya tatu ni r na l. Mbukusu husema Wabwile na Nabwile. Ukishuka Busia na Samia ni Wabwire na Nabwire. Karani Mjaluo au Mkikuyu naye alikuwa na sikio lake kuhusu hizi mbili. Barasa unaweza kumkuta kama Balasa.

Ya nne ni si, shi na ki mwanzoni mwa jina. Wabukusu ni watu wa si: Sikuku, Sifuna, Sitati. Wamarama na Wawanga ni watu wa shi, na ndiyo maana mbunge maarufu wa Butere aliitwa Martin Shikuku. Mtoto wa Sikuku aliyesomea Butere au Mumias angeweza kurudi nyumbani akiwa Shikuku, na mwalimu hakuona ubaya.

Kuna j na z: Wanjala akivuka mpaka kwenda Uganda mara nyingi huandikwa Wanzala. Kuna k na g: mzee wa kijiji mwenyewe ni likuru kwa wengine na liguru kwa wengine, sasa utamlaumu vipi karani wake? Kuna y na w zinazochomekwa katikati ya irabu, kama Simiyu na Simiu, Khaemba na Khayemba. Na kuna ng' inayopoteza alama yake kila ikipita kwenye taipureta au kompyuta. Unapotafuta kwenye intaneti jaribu ng' na ng, pamoja na nafasi tupu mahali pa alama, maana mashine nyingine hukata jina vipande viwili.

Tengeneza karatasi moja. Kushoto andika jina kama linavyotamkwa, kulia tahajia zote unazoweza kufikiria. Ibebe popote uendako, na umwonyeshe karani wa ofisi kabla hajakwambia "hakuna mtu kama huyo hapa".

5. Soundex ni msaada, ila si Mbukusu

Wamarekani walibuni dawa ya tatizo hili zamani. Mwaka 1918 Robert Russell alipata hataza ya mfumo unaoitwa Soundex, ambao hubakiza herufi ya kwanza ya jina, hutupa irabu, kisha hugeuza konsonanti zinazofanana kuwa tarakimu. Ulitumika kupanga faharasa za sensa ya Marekani, na tovuti nyingi za nasaba bado zinautumia kimya kimya.

Tumeujaribu kwa majina ya kwetu. Khaemba na Kaemba wote wanatoka K510, vizuri sana. Shikuku na Sikuku wote ni S220. Wanjala na Wanzala wote ni W524, pongezi. Lakini Wabwire ni W160 na Wabwile ni W140, kwa sababu Soundex inaamini r na l ni vitu tofauti kabisa. Halafu Wafula naye ni W140. Kwa hiyo mashine inamtenganisha Wabwile na binamu yake wa Samia, kisha inamlaza kitanda kimoja na Wafula asiyemjua.

Fanya hivi: kwenye tovuti kama FamilySearch, ambayo ni ya bure, tumia nyota badala ya herufi unazozitilia shaka. Andika Mak*a na utampata Makokha kwa sura zake zote, pamoja na watu wengine ambao utawachuja kwa mkono.

6. Wafula si ndugu wa kila Wafula

Majina mengi ya Kibukusu hufuata majira na matukio. Wafula ni mvua, Wekesa ni mavuno, Wanjala ni njaa, Simiyu ni kiangazi. Wa kike ni Nafula, Nekesa, Nanjala, Nasimiyu. Kwa hiyo Wafula elfu moja wa mwaka mmoja hawana undugu. Wana mvua moja tu.

Faida yake ni kwamba jina linakudokezea mtu alizaliwa wakati gani wa mwaka, mradi hakurithishwa jina hilo kutoka kwa marehemu. Mapacha nao wanajianika wenyewe: ukikuta Mukhwana, mtafute Mulongo, kisha mtafute Khisa aliyewafuata.

7. Sura za ubatizo

Daftari la ubatizo ndilo rafiki mkubwa wa anayetafuta wanawake, na kidokezo namba nane kitakwambia kwa nini. Omba parokia ikuonyeshe, kwa adabu, siku isiyo Jumapili. Madaftari ya zamani ya Wakatoliki yaliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo Yosefu wako ni Josephus na Yohana wako ni Joannes. Kwa Friends na Waanglikana babu huyo huyo angekuwa Yohana, Johana au John kulingana na nani ameshika kalamu. Musa na Moses, Luka na Lucas, Zakaria na Zachariah: wahesabu kuwa mtu mmoja mpaka uthibitishe vinginevyo. Soma na majina ya wasimamizi wa ubatizo, maana mara nyingi ni shangazi, mjomba au jirani wa mlango wa pili.

8. Kipande, setla na bibi asiyeonekana

Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alichukuliwa alama za vidole na kutakiwa kubeba karatasi yake ndani ya kikebe cha chuma. Waliotoka Kimilili na Malakisi kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia wakawa maskwota, na kipande ndicho kilichowatambulisha. Mtu aliyemkimbia setla mkali hakuwa na hamu ya kusema jina lake halisi kwa setla aliyefuata. Ukiona babu yako ana jina Kitale na lingine Bungoma, usidhani ni bahati mbaya. Huenda alilichagua.

Wanawake hawakuandikishwa. Hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978, kitambulisho kilikuwa cha wanaume. Na uandikishaji wa vizazi na vifo ulifika wilaya zote za nchi mwaka 1971 tu. Kwa hiyo bibi aliyezaliwa 1925, akaolewa, akazaa wanane na kufa 1970 anaweza asiwe na karatasi hata moja ya serikali. Atapatikana kanisani, au kwenye kesi ya mumewe akiwa na alama ya "w/o", yaani mke wa fulani. Wenzake wa "s/o" na "d/o" ni mwana na binti. Alama hizi tatu zimeokoa nasaba nyingi, zisome kila unapoziona.

Ukiwa Kitale, pita Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974, yakiwa yametokana na mkusanyiko wa Luteni Kanali Hugh Stoneham. Utajifunza mengi kuhusu wadudu na ndege aliowakusanya. Kuhusu babu yako, pengine kidogo.

9. Mahali nako kulibatizwa

Usitafute "Bungoma" kwenye karatasi ya 1930. Tafuta Kavirondo Kaskazini, makao Kakamega. Baada ya 1948 ni Nyanza Kaskazini, kuanzia katikati ya miaka ya 1950 ni Elgon Nyanza, na Wilaya ya Bungoma inakuja na uhuru. Webuye tafuta Broderick Falls. Cherang'any ina tahajia nyingi kuliko mtu yeyote katika makala haya.

Mpangilio huu unaamua nauli yako. Faili za Bungoma ziko upande wa Magharibi na Nyanza, na Makavazi ya Taifa yana kituo Kakamega. Trans Nzoia ilikuwa Bonde la Ufa, kwa hiyo uliza Nakuru. Vilivyobaki viko makao makuu, Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa benki. Faili za Dini ya Msambwa, iliyopigwa marufuku mwaka 1948, zimejaa majina ya watu wa kawaida waliokamatwa, yameandikwa na askari waliokuwa na haraka. Zisome na karatasi yako ya tahajia mkononi.

10. Gazeti Rasmi, hazina isiyosomwa

Watu wengi huliona Gazeti Rasmi la Serikali kama karatasi ya kufungia njugu. Kosa kubwa. Linatoka kila Ijumaa, matoleo yake yanarudi nyuma hadi 1899, na mengi yako kwenye intaneti bure. Ndani yake kuna matangazo ya mirathi kutoka mahakama za Bungoma, Kitale, Webuye na Kimilili, na hapo marehemu hutajwa kwa majina yake yote yaliyounganishwa na neno "alias". Yaani mahakama imekufanyia kazi: fulani Khaemba alias fulani Kaemba, wa kijiji fulani, aliyefariki tarehe fulani.

Kuna pia matangazo ya hatimiliki zilizopotea, yakitaja ardhi kwa namba kama za East Bukusu/South Kanduyi, Kimilili/Kamukuywa au Ndivisi/Muchi. Namba ya shamba haina tahajia. Ukiwa nayo, nenda ofisi ya ardhi uombe kadi ya kijani, inayoonyesha shamba limepita mikono gani tangu kuandikishwa. Nimewaona watu waliohangaika miaka na jina, kisha wakalikuta kwenye mstari wa pili wa kadi hiyo, limepungukiwa h moja.

11. Hesabu kwa rika

Mzee akikwambia baba yake alitahiriwa na Bakikwameti, amekupa tarehe. Marika ya Wabukusu ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Yanazunguka, na rika moja hurudi baada ya karibu karne. Tohara hufanyika miaka ya shufwa, mwezi wa Agosti, kwa hiyo ukipewa "alitahiriwa 1937", uliza tena. Rika hukusaidia pale ambapo majina mawili yamefanana kabisa: Wanjala wa rika moja hawezi kuwa baba wa Wanjala wa rika hilo hilo.

12. Usisahihishe chochote

Unaponakili, nakili kama ilivyo, pamoja na makosa. Tafsiri yako iweke kwenye mstari wa chini. Tahajia uliyoinyoosha leo kwa nia njema ndiyo itakayompoteza mpwa wako kesho.

Na kama familia ina mirathi ya kushughulikia, usikimbilie kubadili jina kwa hati ya kiapo ili lipendeze. Kwanza kusanya kitambulisho, cheti cha ubatizo, hatimiliki na cheti cha kifo, uviweke mezani, uone majina yanatofautiana wapi. Kisha mwambie wakili ayaandike yote kwenye ombi. Tangazo likishatoka kwenye Gazeti Rasmi, mwenye pingamizi huwa na siku 30 za kulileta, na jina lililoachwa nje ndilo mshindani wako atakalolishika.